Uso Chini ya Mkuki

Jumanne, 26 Septemba

Nimepata kazi. Tena wapi? Chirodih, ndani ya ua wa Girdhari Sahu! Nimepanda kilima kurudi nyumbani nikicheka peke yangu kama mwehu.

Fundi Nimai, mzee wa Kibengali anayekuja kila mwaka kuwatengenezea watu wa mji sanamu ya Durga, mungu wao wa kike, mikono imeanza kumtetemeka. Anatafuta mtu anayejua udongo. Nikamwambia kila baada ya mavuno nasiliba kuta za nyumba yetu na kufinyanga wanyama juu yake – tembo, tausi, nyati. Akanipa donge, akataka sikio. Nikamfinyangia sikio. Akauliza jina. Sugni. Ukoo hakuuliza, na mimi sikumwongezea.

Girdhari akapita. Mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, mwenye malori ya kubeba madini ya boksaiti, tumbo mbele mwenyewe nyuma. Akanitazama. Hakunitambua! Mwaka mmoja tu tangu wapige teke mlango wetu. Lakini kwake mtu wa kilimani ni mtu wa kilimani, kama mbuzi. Nani anakariri nyuso za mbuzi?

Niliandike hapa, maana hakuna pengine lilipoandikwa sawasawa. Siku zile wao wanashangilia Durga kumuua jitu Mahisha, sisi Waasur tunakaa matanga. Mahisha ni babu yetu. Hatutoki, na mlango haufunguliwi kwa mtu mpaka sanamu yao izamishwe mtoni. Mwaka jana walikosa mtu wa kuwa jitu kwenye lori la maandamano. Girdhari akasema, si wapo wenyewe huko juu? Vijana wake wakaja wakamtoa Baba matangani. Wakamvika pembe za nyati, wakamlaza chini ya miguu ya msichana aliyevalishwa kama Durga, mkuki wa mbao kifuani, wakamzungusha mji mzima. Watu wakamrushia maganda ya ndizi. Walipochoka wakamshusha njia panda na boksi la ladu, vile vitamu vyao vya sikukuu.

Baba hakusema neno. Siku ile wala baadaye. Baridi ilipoingia akafa, kimya vilevile. Polisi wakaniambia ule ni mchezo wa sikukuu, na tena mzee si alipewa ladu? Kwenye karatasi yao wakaandika "mwanamume mmoja wa kilimani".

Jina lake Jhirga. Jhirga mwana wa Soma. Mimi ni mtoto wake na sijasahau.

Alhamisi, 28 Septemba

Mama nimemdanganya. Nimesema nasiliba kuta za shule. Akaniangalia kucha.

Fundi kagawa kazi: yeye Durga na simba, mimi jitu. Akasema Mama Durga atamtengeneza yeye mwenyewe, mimi nishughulike na huyo mshenzi. Sawa, Fundi. Nikafunga majani ya mpunga kwenye fito, nikamtengenezea babu yangu mbavu, mabega, mapaja. Mwanzoni mkono ulinikataa kabisa. Nikamwomba radhi kimoyomoyo – samahani babu, nina shughuli.

Shughuli gani, hata mimi sijui bado. Nilidhani nitaweka fito mbovu mgongoni, sanamu iwaangukie mbele ya wageni. Halafu? Watasema mvua. Wataleta nyingine. Hapana. Nataka kitu kitakachomganda Girdhari mwilini kama alivyogandwa Baba.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimekijua!

Leo kaja kukagua. Jitu bado halina kichwa, vichwa vinafinyangwa pembeni na kupachikwa mwisho. Akasimama kando yangu akinuka mafuta ya nywele. Mwaka huu anataka jitu baya haswa, anamwambia Fundi juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni ndoo. Pua bapa kama ya wale wa juu. Jeusi. Domo wazi. Akaweka kidole kwenye kifua nilichokifunga kwa mikono yangu, akasema mkuki uingie hapa, uzame, watu waone damu.

Nikamtazama alivyokuwa anaongea. Kidevu kilichopasuka katikati. Chunjua kando ya pua. Sharubu zilizosokotwa ncha. Pengo la jino la juu. Nyusi zinazokutana. Nikasema – ala! Uso si huu hapa?

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tutaona, Bwana Girdhari.

Alhamisi, 5 Oktoba

Kidevu tayari. Nakifunika kwa kitambaa kibichi kila mtu akipita. Nimekuwa nampelekea Girdhari chai mwenyewe ili nimwone karibu. Anasema msichana huyu ana adabu. Naam, ninayo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo nusura nimbusu Girdhari miguu.

Kamati ilikutana uani. Kuhani Trilochan, yule mzee mkali mwenye sauti ya kukwaruza, akawakumbusha sharti. Ijumaa ya tarehe ishirini, uhai ukishaitwa ndani ya sanamu, hakuna mkono wa mtu kugusa tena. Si Mama Durga, si simba, si jitu. Wote wanakuwa hai, na wote wanakwenda mtoni walivyo. Sanamu iliyovunjwa kabla ya mto ni msiba kwa mji mzima.

Girdhari akasimama – lazima yeye ndiye aseme la mwisho – akapiga meza. Akasema atakayegusa atamkata mkono, awe nani. Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, udongo ukaniruka usoni.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu kachimba, kashuka, na ngazi kaitoa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku ya macho. Fundi aliingia alfajiri peke yake kumchorea Durga macho, kama desturi yao. Alipotoka alikuwa mwepesi, amechoka, anatabasamu. Nikajisahau. Nilikuwa napaka rangi chunjua. Akaja nyuma yangu akainua kitambaa chote.

 Kuku wa Girdhari walikuwa wanaparura kando ya fito.

"Huyu namjua," akasema.

Kukana kungenisaidia nini? Nikamweleza. Ukoo wangu, matanga, lori, pembe, ladu. Jina la Baba. Alisikiliza huku ananawa mikono, akanawa na kunawa mpaka maji yakaisha kwenye ndoo. Nikangoja anifukuze.

Akasema pua nimeipatia. Kisha akasema miaka yote hii jitu lake analipa uso usio wa mtu yeyote – je, najua kwa nini? Sijui, Fundi.

"Mtu ana kwao, binti. Ukimweka mtu pale chini, kwao watakuja."

Nikamwambia waje tu. Akarudisha kitambaa, akakitengeneza pembeni vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunika mimi. Akaenda kulala.

Ijumaa, 20 Oktoba

Baba! Laiti ungekuwepo!

Niandike kwa mpangilio.

Jua linazama, hema limejaa, ngoma zinalia, moshi wa ubani mpaka macho yanawasha. Kichwa nilikipachika alfajiri nyuma ya pazia, kabla mtu hajaamka. Nilikaa nyuma ya nguzo, kitambaa kichwani. Kuhani akasoma yake kwa muda mrefu, akaita uhai, akatoa ishara. Pazia likaanguka. Watu wakapiga vigelegele – Durga kweli alipendeza, nisiwe mwongo, Fundi ana mkono wa heri. Girdhari mbele kabisa, kanzu ya hariri, anaongoza makofi.

Na ndiye wa mwisho kuona! Mtu haujui uso wake ukiwa umelala ubavu. Watu wakaanza kukohoa. Kicheko kimoja upande wa wanawake, kikazimwa. Kingine. Kitoto kimoja mabegani kwa baba yake kikaonyesha kidole, kikauliza kwa nini Mama Durga anamchoma Mwenyekiti. Hapo hema zima likapasuka kwa kicheko!

Girdhari bado anapiga makofi. Polepole. Polepole zaidi. Akainamisha kichwa ubavu, namna hii, ili auone uso ulivyokaa. Nikamwona alivyojiona. Chunjua, pengo, kidevu – na mkuki wa ncha tatu umezama kifuani pale pale alipoweka kidole. Mkono ukapanda wenyewe ukashika kifua chake. Naapa sikulipaka hilo, alilipaka mwenyewe.

Akaruka kwenda kulivunja. Kuhani akasimama katikati, mikono imetanuka. Uhai umeshaitwa. Girdhari akapiga kelele kwamba ni uchawi, ni wapinzani, livunjwe sasa hivi. Kuhani hakusogea. Na kutoka nyuma mwenye duka la saruji, mshindani wake wa kura, akasema kwa upole kabisa:

"Atakayegusa tumkate mkono, Mwenyekiti. Si maneno yako?"

Simu juu, picha, picha, picha. Mke wake akajifunika uso kwa ushungi akatoka. Nikatafuta macho ya Fundi. Alikuwa anafunga begi lake, anawahi basi.

Nimepanda kilima mbio. Moyo kwatu! Hata chakula sikitaki, nimeshiba.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mlango umefungwa. Matanga. Mama, mimi na Shangazi Etwari, dada yake Baba, ambaye kila mwaka anakuja kukaa nasi.

Nilingoja mpaka wamekula uji wa ulezi, nikawaeleza yote. Nilieleza vizuri, na mikono, na sauti ya Girdhari. Nilitegemea nini? Nilitegemea Shangazi ajipige paja acheke, maana ana kicheko cha kuangusha vigae. Badala yake akaacha ulezi aliokuwa anausaga.

"Ulimtazama?" akauliza. "Mkuki ukiwa ndani?"

Nilimtazama! Si ndiyo raha yenyewe!

Akamgeukia Mama. Mama akafumba macho.

Sasa naandika alichosema, naandika kwa hasira, maana najua alichosema ni kweli na nilikijua tangu utoto. Hatujifungii ndani kwa kuogopa ngoma zao. Tunajifungia tusiuone uso. Anayeuona uso wa aliye chini ya mkuki, huyo ni mfiwa wake. Lazima ampake mafuta ya mbegu za karanji kitovuni, kifuani na puani, pale alipovuja damu babu yetu, amlilie kwa jina kabla sanamu haijaingia mtoni. Asipomlilia, aliyeuawa hana pa kwenda. Anakuja kukaa kwa mfiwa wake. Ndiyo maana mwaka jana Mama, aliyechungulia ufa wa mlango akaona wanavyomlaza Baba lorini kwa majaribio, alimpaka mafuta usiku ule ule akiwa hai, akimlilia kwa jina. Baba alikufa bila kuhangaika. Nilidhani ni mapenzi tu.

Shangazi akasema miaka yote pale chini amelala Mahisha, wa kwetu, na tunamlilia. Mwaka huu nimemtoa Mahisha nikamlaza Girdhari. Kwa hiyo nimemfanya nani?

Nikamwambia ni udongo ule, Shangazi! Akasema hata Mahisha wao ni udongo.

Nimekaa kona hii tangu saa hizo. Nimemleta Girdhari matangani kwetu. Mimi. Kwa mikono yangu.

Jumapili, 22 Oktoba

Simlilii. Thubutu!

Mke wa dereva mmoja wa malori, jirani wa huku huku juu, kaongea nasi kupitia ukuta. Girdhari hali chakula. Watu wanakuja kwa mabasi kutoka miji mingine kutazama jitu. Wapakiaji wanamwita Mahisha akipita, waziwazi, na wengine wameacha kazi. Kifua kinamuuma pale pale. Hospitali wamesema hana kitu.

Nikasema afadhali. Shangazi akasema nipunguze sauti, kuna msiba. Wa nani? nikauliza. 

Sahani ya Baba ipo ukutani ilipokuwa. Nikifikiria yule amekaa chini yake, tumbo mbele, milele, ananingojea kila asubuhi – hapana. Kwanza naapa, kisha nafikiria hilo, kisha naapa tena.

Jumatatu, 23 Oktoba

Kaja mke wake. Jina lake Kamla. Alikaa upenuni na boksi – ladu! Jamani, watu hawa hawana kitu kingine duniani? Dereva wao kawaeleza habari ya mafuta. Anaomba niteremke nikampake mumewe kabla ya mto.

Tuliongea kwa tundu la komeo. Nikamuuliza mwaka jana lori lilipopita na baba yangu juu yake yeye alikuwa wapi. Nilitaka aseme alikuwa ndani, hakuona. Wote huwa wanasema hawakuona.

"Nilikuwa nimesimama barazani," akasema. "Nilicheka pia."

 Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kujibu uongo, akaja na ukweli. Nikamwambia mumewe aje mwenyewe, kwa miguu, bila vijana. Nilisema nikijua hatakuja. Mtu yule hapandi hata ngazi.

Ladu zimeliwa na siafu.

Jumanne, 24 Oktoba

Kaja.

Gari kaliacha bondeni. Miguu mitupu, suruali imejaa vumbi jekundu la boksaiti yake mwenyewe. Amekonda wiki hii, sharubu zimelala. Akakaa palepale alipokaa mke wake, akahema kwa muda mrefu. Nilimwangalia kwa ufa. Niliutafuta moyoni mwangu ule utamu wa Ijumaa. Upo, upo, lakini una mchanga.

Akaanza kwa kutisha, kidogo tu, kwa mazoea. Kwamba anajua nilikotoa udongo, kwamba polisi ni watu wake. Kisha akaacha. Akasema saa nane sanamu inapelekwa mtoni. Akasema nimpake mafuta, nitakacho atanipa. Barabara ya kufika huku juu. Kisima. Nafasi ya kazi.

Nikasema sitaki kisima. Nataka jambo moja. Mfiwa hulilia kwa jina, na mimi kabla sijalia jina lako nataka nisikie la kwangu.

"Sema jina la baba yangu."

Akageuza uso kutazama bonde.

Nilidhani ni kiburi. Nikarudia. Akasema, yule mzee? Nikasema ndiyo, yule mzee, sema jina lake. Akafungua mdomo nikaliona lile pengo, nililolichonga kwa kijiti cha mwanzi.  Akasema Asur. Nikasema huo ni ukoo, sisi sote kilima kizima ni Asur. Akasema wewe ni Sugni, mke wangu kaniambia, baba wa Sugni. Nikasema hilo ni jina langu.

Hajui! Amemvunja mtu, amemfanya mchezo wa mji mzima, na hajui alikuwa nani. Nimekaa mwaka mzima namchukia mtu kwa jina lake lote, na yeye la kwetu hajawahi hata kuliuliza!

Nikamwambia basi kaliulize. Watu wa vijiji vya jirani huenda hawamjui, lakini hapa kila mtu anamjua. Kaulize.

Na kaenda! Namsikia. Nimeandika haya kwa kusimama, daftari ukutani, jicho ufani. Kagonga kwa Birsu. Kagonga kwa wale wa njia nyembamba, kwa mwenye mbuzi, kwa dereva wake mwenyewe. Sauti inazidi kuwa ndogo. Jamani, niambieni, yule mzee aliitwa nani? Milango yote imefungwa. Matanga haya, nani atamfungulia? Kila nyumba kuna watu wanapumua ndani na hakuna anayejibu. Mwaka jana Baba alitolewa mlango huu watu wote wakiwa wamejifungia vivyo hivyo, na hakuna aliyetoka. Leo zamu yake.

Hii ndiyo siku yangu. Hii, si ile Ijumaa.

Ngoma zimeanza huko chini. Wameshapakia sanamu, ngoma zinasikika zikielekea mtoni.

Amerudi. Amepiga magoti upenuni, paji la uso kwenye mlango, nyuma tu ya ubao huu ninaouandikia. Hasemi na mimi tena. Anabahatisha majina. Soma. Budhu. Mangal. Kwa kila jina anangoja. Akasema Soma nikashtuka – jina la babu yangu hilo, amekosea kwa kizazi kimoja tu.

Shangazi kaniwekea jani la mafuta mkononi. Nimelikunjia vidole. Nimesema hapana. Simwambii. Hata hapa silirudii, nimeliandika mara moja yatosha.

Mama kasimama. Tangu Jumamosi hajasema neno, kanyamaza kama alivyonyamaza Baba. Amepita mbele yangu, ameweka kiganja mlangoni, pale paji la uso lilipo upande wa pili. Anavuta pumzi. Ananitazama mimi, si mlango. Mdomo wake umeshaanza herufi ya kwanza ya jina la Baba, na mimi sijamziba mdomo.